Ndege anayeweza kwenda zake

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti umefika, na mdogo wako kanirudishia pale upepo ulipomeza maneno. Unauliza kama ni haramu kumfundisha mbwa mchanga kwa ndege hai, huko Georgia ya Marekani ulikoajiriwa kwenye shamba la kuwindia kware. Tajiri wako anataka yule pointer mdogo, mbwa wa kusimama anaponusa ndege, awe tayari kabla ya msimu, nawe moyo unakusuta kila ukimtia ndege kwenye kisanduku cha springi kinachomrusha juu.

Ya haramu na halali kamuulize sheikh. Mie ninayo niliyosomeshwa chuoni tu. Aya ya 4 ya Suratul Maida imewataja wanyama wa kuwindia mnaowafundisha, kwa hiyo kufundisha kwenyewe hakuna ubishi. Na Mtume (S.A.W.) alimwambia Adi bin Hatim kwamba mbwa akila alichokamata, usikile, maana huenda kajikamatia mwenyewe. Babu yako akiipenda sana hadithi hiyo. Akisema mbwa aliyefunzwa ni yule anayejizuia kwa ajili ya mtu. Lakini iko na nyingine: Ibn Umar aliwakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga mishale, akawaambia Mtume amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Ndege wako si shabaha, najua, hakuna anayemlenga. Lakini kafungiwa, na mbele yake pana meno. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kukujibu.

Basi nikwambie ninalolijua. Ndege wa kufundishia ni yule anayeweza kwenda zake.

Babu yako alikuwa msasi, Muyuni nzima ikimjua, na zile nyavu zilizoko darini ni zake. Mbwa wa kusasia wa kwetu si kama huyo wako. Kazi yao ilikuwa kumtoa paa kichakani na kumsukuma nyavuni, kusimama hawakufunzwa. Isipokuwa Haambiliki, yule jike mwekundu ambaye babu yako hakuchoka kukusimulia. Akipata harufu ya kwale, ndugu wa hao kware wako, kule maweni, anaganda. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka, hata masikio hayachezi. Nimemwona kwa macho yangu, nami mtoto nimebeba kibuyu cha maji nyuma ya wanaume. Babu yako alinyanyua mkono watu wote wakanyamaza. Hakuna aliyemfundisha, alisema, kwale wenyewe ndio waliomfundisha: kila alipowarukia wakaruka, mpaka akaona bora atulie.

Haambiliki akazaa. Siku zile mie nilikuwa na kwale wangu. Mayai tuliyaokota kondeni walipokuwa wanafyeka, nikamtilia kuku aliyekuwa akiatamia. Vifaranga vikatoka, vingi vikafa, mmoja akaishi. Akimfuata kuku uani kama mamaye, na nikimwagia chenga za mpunga akija mpaka miguuni. Nikarudi skuli simwoni. Ami yangu mmoja, mtu wa papara, alitaka mtoto wa Haambiliki ajue ndege upesi amuuze. Kamchukua kwale wangu, kamfunga mguu kwa kamba ya usumba kwenye shina la mkwamba, kamwachia mbwa. Nilipofika nilikuta manyoya. Na ami anacheka, anasema, “Umeona? Kajua!”

Mungu amsamehe. Nina wajukuu leo, na nikilikumbuka lile cheko koo bado linanikaba.

Sasa najiuliza: nilichukia kwa ajili ya mbwa, au kwa ajili ya kwale wangu? Maana nyumbani tukila kwale wa kupaka, na mnyonyoaji ni mie. Hata yule wangu siku moja angeingia chunguni. Siwezi kukaa hapa nikajifanya mpole wa ndege. Lakini mbwa yule aliharibika, na hilo si hasira yangu, wasasi wote waliliona. Akinusa ndege hasimami, anachupa. Alishajua ndege hukamatika. Hata ami mwenyewe hakumpata mnunuzi. Ndege asiyeweza kwenda zake alimfundisha uongo, na uongo ule haukumtoka.

Ndiyo maana ulipokuwa unaeleza kisanduku chako nilisikiliza sana. Unasema mbwa yuko kwenye kamba ndefu, unamleta upepo ukipita ubavuni ili harufu imkute ghafla. Akisimama, mambo kimya. Akisogea hata hatua, unabonyeza rimoti, ndege huyo juu. Mbwa anaelewa kuwa kusogea ndiko kunakompotezea ndege. Mwanangu, hivyo ndivyo kwale wa Muyuni walivyomfanyia Haambiliki! Rimoti inashika nafasi ya macho ya kwale. Na ukimtumia njiwa anayejua banda lake, anaruka na kurudi kwao, huyo sina neno naye. Hata wale kware wa kibandani, mnaowaacha wachache ndani wawaite wenzao jioni, nilipowasikia nilifurahi.

Ila yule wa kuzungushwa. Kichwa chini ya bawa, mnamzungusha mpaka alewe, mnamlaza majanini. Huyo simtaki. Ni kwale wa mkwamba yule yule, kamba tu hana. Akiwa kware wa kufugwa, mabawa mazito, na majani yameloa, mbwa mchanga atamdaka, na hapo umekosa ndege na umekosa mbwa. Lile bawa la kuning'iniza kwenye mshipi wa kuvulia nalo linafundisha macho, pua inalala. Mchezeshe nalo kidogo, basi.

Utasema mama anataka ndege wa porini, na pori liko wapi? Kweli. Hata kwetu Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na nafurahi paa nunga wana pahala pa kukimbilia. Kwa hiyo ndege wa kufundishia lazima atoke mikononi mwa mtu, nakubali. Nakubali halafu nalikumbuka lile cheko, sikubali tena.

Unataka niseme endelea au acha. Neno ninalo, liko hapa mdomoni, ila ukiacha kazi kwa neno langu watoto wako watakula nini, na ukiendelea kwa neno langu nitalala vipi. Silisemi. Nakuagiza haya tu: usimwache ndege ndani ya kile kisanduku juani. Njiwa aliyerudi na bawa limeumia, asirushwe mpaka apone. Na wale kware wasiorudi jioni, ambao umesema “wanapotea tu”, hawapotei, wanaliwa. Hata kwetu kipanga hamwachi ndege aliyezoea kulishwa. Uwahesabu kila magharibi, na tajiri wako umwambie hesabu hiyo hata asipouliza.

Chombo cha mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mkeo anajua, mkumbushe.

Na siku huyo mbwa akisimama mwenyewe, bila kamba, nipigie hapo hapo, hata kama kwetu ni usiku wa manane. Unieleze aliunyanyua mguu upi.

Mama yako