Ukitumwa kutafuta neno la mtaani lilitoka wapi

Kama umepewa kazi ya kueleza meme au neno la Sheng lilianzia wapi, jua hili kabla hujafungua kompyuta: tarehe ya kwanza utakayoiona ni siku neno lilipoandikwa hadharani, wala si siku lilipozaliwa. Huku Kisumu neno linaweza kukaa kwa makanga wa Kondele na wauzaji wa Kibuye, likapita mabwenini Maseno na kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ndipo mtu aliandike kwenye mtandao wa X. Magrupu hayo huyaoni. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husomeka na mtumaji na mpokeaji tu, kwa hiyo hakuna programu itakayokuhesabia.

Wengi huanza na Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha neno linavyotafutwa kadiri muda unavyopita, na si vibaya. Inakugawia Kenya hadi kaunti. Lakini jifunze kuisoma. Ile 100 iliyo juu ya mchoro si watu mia wala laki. Ni kilele cha utafutaji wa neno hilo ukilinganishwa na utafutaji wote wa eneo na muda uliochagua. Kaunti yenye utafutaji mdogo inaweza kusomeka 0 ilhali vijana wake wanalitumia kutwa. Tena jiulize, ni nani anayetafuta maana ya neno? Ni asiyelijua. Kijana wa Nyalenda hana haja ya kuiuliza Google neno analolisema kila asubuhi. Kwa maoni yangu, kilele hicho mara nyingi ni siku neno lilipowafikia wageni, na hiyo nayo ni habari yenye thamani, mradi usiiite chanzo.

Kusanya tahajia kabla ya kuhesabu chochote. Msee huandikwa pia mse. Manze huandikwa maze, na hapo utaletewa mafumbo ya kutafuta njia ya wasemaji wa Kiingereza. Soma machapisho yenyewe, usiamini idadi tupu.

Kwa picha, mkumbuke mpiga kura aliyeonekana akila githeri foleni kwenye uchaguzi wa 8 Agosti 2017. Muda si muda watu walikuwa wamemkata na kumbandika kila mahali. TinEye itakusaidia kutafuta nakala za picha kama hiyo, ila WhatsApp huibana picha na kufuta taarifa za kamera, hivyo iliyofifia huenda imeshapita mikono mingi. Tafuta iliyo safi, isiyokatwa kingo. Angalia na saa: data nyingi huja kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Chapisho la saa saba usiku wa kuamkia tarehe 9 litasomeka saa nne usiku, tarehe 8.

Ukiona kitu, kihifadhi siku hiyo hiyo pamoja na kiungo chake. Zana nazo hupotea: CrowdTangle, iliyotegemewa na wengi kufuatilia Facebook, ilifungwa Agosti 2024.

Kisha toka nje, uwaulize wenye neno. Ukiingizwa kwenye grupu, jitambulishe na useme unachofanya, na usinakili ujumbe wa mtu bila idhini yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda hata jina na namba iliyobaki kwenye picha ya skrini. Katika ripoti andika “mapema zaidi tulipoweza kuona”, halafu utaje ulikotafuta na ambako hukuweza kufika.