Kabla Hujabadilisha Ubao Mama wa Kompyuta ya Sebuleni

Kompyuta iliyo chini ya televisheni yetu hapa Entebbe ndiyo sanduku la nyumba nzima: filamu, nyimbo za kwaya, picha za harusi na video za watoto wakijifunza kutembea, vyote vimo katika diski zake tatu. Msimu wa mvua uliopita radi zilipiga kutoka upande wa ziwani usiku kucha, umeme ukakatika na kurudi mara nne, na asubuhi nilipobonyeza kitufe feni ilizunguka sekunde mbili, ikasimama, ikaanza tena, ikasimama. Fundi wa kwanza aliitazama bila kuifungua, akasema, "Mzee, madabodi imekufa, tafuta kompyuta nyingine." Kuhusu hiyo madabodi, yaani ubao mama unaounganisha sehemu zote za kompyuta, alisema kweli, ingawa hakuwa amepima chochote, kuhusu kompyuta nyingine alikosea.

Ninakusihi usinunue ubao kabla hujathibitisha kwamba ndio ulioharibika, kwa sababu feni inayoanza na kusimama huweza pia kuletwa na pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) iliyochoka au ramu (kumbukumbu ya muda) isiyokaa vizuri katika nafasi yake. Mimi niliazima pawa saplai ya jirani, nikachomoa diski zote, nikaacha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, pamoja na kipande kimoja tu cha ramu, ambacho nilikihamisha kutoka nafasi moja hadi nyingine. Nilibadilisha pia betri ya saa, ile ya duara yenye namba CR2032, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Hali ilibaki vilevile. Ndipo nilipomulika ubao kwa tochi ya simu na kuona, kando ya soketi ambamo prosesa hukaa, kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, ambazo vichwa vyake, badala ya kuwa bapa, vilikuwa vimevimba kama mandazi, na kimoja kilikuwa kimetoa utando wa rangi ya kahawia. Kapasita hazivimbi hivyo kwa usiku mmoja. Joto la miaka mingi ndani ya kabati lisilo na hewa lilikuwa limezichosha, na umeme wa usiku ule ukamalizia kazi. Fundi wa pili, mtu makini sana, alizitoa na kuweka mpya, lakini ubao haukuamka.

Katika kuchagua ubao mwingine, mwenye amri ni prosesa uliyo nayo. Yangu ni Core i3 ya kizazi cha nne, inayokaa katika soketi ya LGA 1150, na namba hiyo ni idadi ya pini. Katika duka la kwanza Kampala nilipewa ubao wa LGA 1155 na kuambiwa kwamba tofauti ni ndogo. Pini tano zinaonekana chache, lakini prosesa ya soketi moja haiingii katika nyingine. Ramu nayo ina masharti yake, kwani ramu ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, ambayo ni ya kizazi cha baadaye. Hesabu vilevile matundu ya SATA, yale ya kuchomekea diski: bao za aina ya H81 huwa na manne kwa kawaida, na za B85 huweza kufika sita, jambo lenye uzito kwa mtu mwenye diski nyingi. Hakikisha pia kwamba nyuma kuna tundu la HDMI la kuunganisha televisheni, maana baadhi ya bao za bei nafuu zina VGA, tundu la zamani la skrini, peke yake.

Ukinunua ubao uliotumika, kama nilivyofanya, omba kifuniko cha soketi kifunguliwe mbele yako. Katika aina hii pini zimo kwenye ubao, nazo ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Mulika kwa pembeni, mwanga upite juu yake: safu zake zinapaswa kulala kwa mpangilio kama majani ya mpunga yaliyopigwa na upepo, bila pini inayojitenga na wenzake. Mimi niliukataa ubao mmoja uliokuwa na pini mbili zilizopinda, ingawa muuzaji alinipunguzia bei mara mbili.

Nyumbani, piga picha ya kila waya kabla ya kuung'oa. Linganisha matundu ya skrubu ya ubao mpya na vile vifito vya shaba vinavyoubeba ndani ya kasha, kisha uondoe kifito chochote kisicho chini ya tundu, kwa sababu kikigusa mgongo wa ubao kinaweza kusababisha shoti. Futa krimu ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, na usisahau waya mdogo wa pini 4 au 8 unaolisha prosesa. Kompyuta nyingi zilizotangazwa kufa baada ya matengenezo zilikosa huo tu.

Yangu iliwaka, lakini ikadai kwamba haioni diski ya kuanzia. Mfumo wangu ulikuwa umesimikwa kwa utaratibu wa zamani wa kuamsha kompyuta, wa BIOS, nao ubao ulikuwa umewekwa kutafuta ule mpya, UEFI, peke yake. Nilipoingia katika mipangilio na kuwasha CSM, kipengele kinachouruhusu ubao kufuata utaratibu wa zamani, diski ilionekana mara moja. Kwa wenye Windows, tarajieni kuombwa kuthibitisha leseni upya, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, tafuteni ufunguo wake wa dharura kabla ya kugusa bisibisi. Jioni ile tulicheza filamu ya saa mbili huku nikitazama joto la prosesa, na kabati sasa halina mlango wa nyuma.