Ryzen 5 5600 au 5600G kwa ubao mama wa B450?

Ndugu, nimekuelewa: una ubao mama wa B450, huna kadi ya grafiki, nawe unasita kati ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) mbili za AMD, Ryzen 5 5600 na 5600G. Chukua 5600G, kwani 5600, ingawa nayo ina kore 6 (sehemu za kuchakata kazi), haina grafiki ya ndani, hivyo skrini yako ingebaki nyeusi. Kwanza hakikisha BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, imesasishwa, maana mbao nyingi za B450 zilitengenezwa kabla ya prosesa hizi.

Unapoipachika prosesa, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo kwenye kona yake na alama ya soketi, kisha iache itue yenyewe bila kuikandamiza. Niliwahi kupinda pini mbili za chini ya prosesa kwa haraka zangu. Likikupata hilo, mpelekee fundi mzoefu, usizinyooshe kwa koleo.