Kwa anayeanza kujifunza mitishamba: anza na jani, ugonjwa utafuata

Wengi wanaoniomba niwafundishe mitishamba huja na daftari waliloligawa kabisa: ukurasa wa tumbo, ukurasa wa homa, ukurasa wa presha. Wanataka nijaze. Nami nilianza hivyohivyo. Baada ya miezi sita nilikuwa na dawa tele za kuandika, na ukinipeleka porini nisingeweza kukuonyesha miti mitano. Kwa hiyo geuza daftari lako. Kila ukurasa uwe wa mmea mmoja, na ugonjwa upewe mstari tu humo ndani.

Nikupe kisa kilichonitia aibu. Bibi aliyekuwa akinifundisha alinituma majani ya mwarobaini, nikarudi na furushi zima, nimejiona fundi. Hakunigombeza. Alivunja jani moja kwenye tawi langu, akaliweka sambamba na jani alilokuwa nalo kwenye ungo, akasema, "Haya mwanangu, tazama." Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vyake vinatoka kwenye uti huo moja kwa moja, kulia na kushoto. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu, kingo zina meno, na pale kinapoanzia upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake. La kwangu, uti ulikuwa umegawanyika kwanza, na vijani vikatoka kwenye migawanyiko hiyo. Ulikuwa *Melia azedarach*, jamaa wa karibu wa mwarobaini, ambaye matunda yake ni sumu. Ukiwa mbali na una haraka, utaapa ni mti uleule. Siku hizi sichumi kitu mpaka nikitazame jani, gome, harufu, na ua au tunda kama ni msimu wake. Nikisita, naacha.

Majina nayo yana mitego yake. Ukisikia "mbono", usikimbilie kuandika. Kuna anayemaanisha mbarika, kuna anayemaanisha mbono kaburi. Mbegu za yote mawili ni sumu, ila mafuta ya mbarika yakishatengenezwa ipasavyo hutumika kulainisha choo, ilhali ya mbono kaburi hayanywewi. Na wataalamu nao huteleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene walianza kuharibika figo. Mmea uliokusudiwa ulikuwa *Stephania tetrandra*, uliotumika ni *Aristolochia fangchi*. Kwa Kichina yote miwili huitwa fang ji, tofauti ni neno moja dogo linalotangulia. Waliodhurika walizidi 100, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ndiyo maana nasisitiza jina la kisayansi. Jina la kienyeji liandike pia, vilevile lilivyotamkwa na aliyekufundisha, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna habari ya matumizi.

Kama hujui jina la kisayansi, tengeneza sampuli upeleke kwa wataalamu wa kutambua mimea. Kata tawi lenye majani na maua au matunda, lilaze kati ya magazeti, kandamiza kwa kitu kizito, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Kwenye karatasi yake andika tarehe, mahali, urefu wa mti, na rangi ya ua. Rangi usiisahau, maana ikishakauka hupotea.

Ukishaujua mmea, swali linalofuata ni sehemu gani. Chukua mshubiri. Kata jani lake karibu na shina, lisimamishe kwenye bakuli, mkato ukiwa chini, halafu subiri. Utaona maji ya manjano yanachuruzika, machungu ajabu, yenye harufu kali. Hayo yanakaa chini ya ngozi ya jani na yanaharisha vibaya. Marekani ilishayaondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Sasa menya jani. Ndani kuna ute mweupe, unaong'aa, unateleza kama yai bichi, na huo ndio watu hupaka kwenye ngozi iliyoungua. Jani moja, vitu viwili, kazi mbili. Mtu akikwambia "mshubiri unatibu hiki", muulize: upi, wa manjano au mweupe? Akishindwa kujibu, hajawahi kuutengeneza mwenyewe.

Halafu kuna namna ya kutayarisha. Majani na maua kwa kawaida huchovywa kwenye maji moto na kufunikwa, magome na mizizi huchemshwa muda mrefu. Hiyo ni kanuni ya kawaida tu, na ina mimea inayoikataa. Katika karne ya 4 Ge Hong, tabibu wa Kichina, aliandika kuhusu mmea wa qinghao, aina ya artemisia, kwa ajili ya homa: uloweke kwenye maji, uukamue, unywe maji yake. Hakutaja moto. Zaidi ya miaka 1,500 baadaye Tu Youyou, mwanasayansi wa China, na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye mmea huohuo, matokeo yakawa yanayumba, mpaka aliporudi kwenye maandishi yale na kujiuliza kama joto ndilo linaloharibu. Wakatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, na ikafanya kazi. Artemisinin, dawa ya malaria, ilitokana na hapo, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Nakuomba tu usitoke hapa ukaanza kuwanywesha watu wenye malaria chai ya artemisia. Shirika la Afya Duniani halikubaliani na jambo hilo, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye majani hubadilikabadilika na vimelea vinaweza kujifunza kuihimili.

Kuhusu kuwauliza wazee, wengi wetu tunauliza vibaya. Ukimwonyesha mzee mti na kumwuliza "huu unatibu nini?", atakutajia magonjwa saba, kwa sababu umemwomba orodha na ni utovu wa adabu kukurudisha mikono mitupu. Mimi huuliza: mara ya mwisho uliutumia kwa nani, alikuwa anaumwaje, ulichukua kiasi gani, ilikuwaje baada ya siku tatu? Hapo magonjwa saba hubaki mawili, na hayo mawili yana uzito. Muulize pia nani asipewe. Wenye ujuzi wa kweli wana jibu la haraka kwa swali hilo: mjamzito, mtoto mchanga, mwenye moyo mbovu. Na omba ruhusa kabla ya kuandika. Ujuzi ni wake, na akikunyima, basi.

Yasiyofanya kazi yaandike vilevile. Katika hili nampenda William Withering, daktari wa Uingereza. Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa mimea 20 na zaidi, wa kutibu mwili uliovimba kwa maji. Akatambua kwamba mmea wenye nguvu mle ni mmoja, *Digitalis purpurea*. Hakukimbilia kutangaza. Alikaa nao miaka 10, akaandika wagonjwa waliopona na wasiopona, na akaona kwamba kipimo kinachosaidia na kinachoua vimekaribiana mno. Kitabu chake kilitoka 1785. Konzi na gao ni vipimo vya mkono wa mtu; nunua mizani.

Magome nitayasema kwa ufupi. Usiuchune mti kuuzunguka wote, maana chakula kutoka majanini hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, na ukilikata duara lote mti unakufa taratibu. Chuna ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja. *Prunus africana* umechunwa hovyo kwa ajili ya dawa za tezi dume hadi biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995.

Mtu akija kwako, kwanza muulize anatumia dawa gani za hospitali. *Hypericum perforatum*, mmea unaopendwa sana kwa huzuni na wasiwasi, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Na usimwambie mtu aache dawa zake. Hiyo kazi si yako, na hata mimi si yangu.

Mwaka wa kwanza, mimea kumi inatosha. Chagua ile unayopita karibu nayo kila siku, uione ikichanua, ikizaa, ikipukutisha. Ukichuma, anika kivulini, na bandika jina na tarehe siku hiyohiyo, kabla hujanawa mikono. Rafuni kwangu kuna kopo la unga wa kahawia niliousaga mwaka wangu wa kwanza. Unanukia vizuri sana. Sijui ni mti gani, na sijawahi kumpa mtu.