Dawa nimemaliza, ugonjwa umerudi

SWALI: Shikamoo Nesi. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Zambia na Kongo, wiki tatu yuko barabarani. Mwaka huu nimetibiwa kisonono mara mbili. Nikimwambia twende wote hospitali, anasema hana dalili. Jirani kanifundisha kunawa ndani kwa ndimu na shabu kila baada ya tendo, eti inaua wadudu. Inasaidia? Na kondomu nimwombeje bila kuonekana namtuhumu?
Mama wawili, Tunduma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo shabu, maana inanikera. Ndimu inaunguza, shabu inakausha. Ukeni mna bakteria wanaokulinda. Ukiwaosha unawaondoa, na ngozi laini ya mule inachubuka. VVU hupita hapo kirahisi zaidi. Acha leo. Nawa nje tu, kwa maji ya kawaida.

Kuhusu kurudi kwa ugonjwa: dawa ikinywewa na mmoja, mwenzie anamrudishia. Mwanamume mwenye kisonono mara nyingi hutokwa usaha na mkojo humchoma, lakini si wote, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, mara nyingi hukaa kimya. Halafu wapo wanaoanza kuchomwa wakiwa safarini, wanasimama duka la dawa, wananunua rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, za shilingi chache. Usaha ukikata, mtu anajiona mzima. Hata hivyo, ukirudi kituoni taja kwamba hii ni mara ya pili, kwa sababu kuna kisonono kilichozoea dawa. Mtibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, na msikutane kimwili mpaka zipite siku saba baada ya wa mwisho kumaliza dozi.

Usikidharau kisonono kwa kuwa kina dawa. Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza na kuchapishwa 1995 ulionyesha kwamba pale zahanati zilipoboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo pimeni na VVU na kaswende, wote, kisha mrudie VVU baada ya miezi mitatu.

Hiyo miezi mitatu ndiyo itakayokuombea kondomu. Usianze na “ulilala na nani?”, utaambulia ugomvi na lori litaondoka. Mwambie: “Nesi kasema tuvae mpaka kipimo cha pili kitoke.” Nisingizie mimi, nimezoea. Ila msipake mafuta ya nazi wala ya mgando, yanaichana. Na msivae mbili kwa pamoja.

Akikataa kupima na kuvaa, nawe ukikutwa huna VVU, ulizia PrEP. Ni kidonge cha kila siku cha kukukinga na VVU, unakunywa wewe mwenyewe. Kisonono na mimba havizuiliki kwa PrEP. Likitokea jambo la hatari kabla hujaanza, kuna PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari: inaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na inanywewa siku 28.

Kama mumeo ni mwepesi wa mkono, usimweleze mkiwa wawili chumbani. Mwambie nesi wa kituo faragha, akuandikie karatasi ya kumwita mwenzi. Akiipokea kutoka hospitali, atabishana na hospitali.