Kichujio kipo kwenye ruta, mgeni kapitia wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 12. Mwaka jana fundi aliniwekea kichujio cha DNS kwenye ruta ya nyumbani, ile 1.1.1.3. Nilijaribu mwenyewe tovuti chafu kadhaa, zote zikagoma kufunguka, nikatulia. Wiki iliyopita nilishika simu ya mwanangu nikakuta, ndani ya mchezo anaoupenda, kuna mtu anamwita "mdogo wangu", anamwomba picha na kumshawishi wahamie kwenye programu nyingine ya kutumiana ujumbe. Picha hajatuma. Je, kichujio kimeharibika? Niweke programu ya kunisomea ujumbe wake wote? Na dada yake wa miaka 6 ana tableti, naye nimfanyeje? Mama wa wawili.

Jibu: Pole sana, mama. Kichujio chako ni kizima, ila kazi yake ni ndogo kuliko ulivyoambiwa.

Simu ikitaka kufungua tovuti huuliza kwanza: jina hili, namba yake ni ipi? DNS ndiyo inayojibu. Hiyo 1.1.1.3 ni huduma ya kampuni ya mtandao ya Cloudflare iliyotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya familia. Jina likiwa kwenye orodha ya tovuti za ngono au zenye programu hasidi, hujibiwa 0.0.0.0, namba isiyofika popote, na ukurasa haufunguki. Basi, kazi imeishia hapo. Seva ya mchezo wa mwanao haimo kwenye orodha hiyo na hakuna sababu iwemo. Mchezo ukishapewa namba, kinachofuata, pamoja na soga za wachezaji, hupita moja kwa moja bila kukaguliwa na DNS. Bawabu wako anajua mtoto kaingia nyumba gani. Yanayosemwa sebuleni hayasikii.

Kichujio usikitoe, lakini kikague. Ruta huwa na nafasi mbili za DNS, na mafundi wengi hujaza ya kwanza kisha ya pili wakaiacha na namba ya kawaida isiyochuja kitu. Ya pili iwe 1.0.0.3. Halafu kumbuka kwamba ruta inalinda Wi-Fi yako tu. Mtoto akiwasha data za laini, ametoka nje ya uzio. Kwenye Android kuanzia toleo la 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha. Andika humo family.cloudflare-dns.com, na kichujio kitamfuata kwenye mtandao wowote. Mtoto mjanja ataweza kukizima, au ataweka VPN, programu inayopitisha mawasiliano njia nyingine na kukikwepa kichujio. Ndiyo maana programu mpya isiingie kwenye simu yake bila idhini yako: Family Link ya Google hufanya hivyo kwenye Android, na kwenye iPhone utatumia Screen Time pamoja na akaunti ya familia. Nywila ya kulinda mipangilio hiyo isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Watoto huanza na huo.

Hata ukiziba matundu yote hayo, yule "kaka" bado angemfikia, kwa sababu alipitia mlango ulioachwa wazi ndani ya mchezo wenyewe. Kwa hiyo fungua akaunti ya mwanao na uangalie kwanza tarehe ya kuzaliwa aliyojaza. Sheria ya Marekani iitwayo COPPA, ya mwaka 1998, inazitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13, na kampuni nyingi zimekwepa usumbufu huo kwa kuweka miaka 13 kuwa sharti la kujiunga. Watoto wanalijua hilo, wanajiongezea miaka. Mtoto wa 12 aliyejiandikisha kama mtu wa 20 hupewa mipangilio ya mtu wa 20: yeyote humwandikia, yeyote humpigia. Nimeona wazazi wakihangaika na vichujio vya gharama huku shida yote ikiwa ni tarakimu mbili kwenye fomu ya usajili. Rekebisha tarehe, ikikataa, bora akaunti mpya hata kama atalilia alama zake. Kisha kwenye faragha, weka soga iwe kwa marafiki tu au uifunge kabisa, na pitieni orodha ya marafiki mkiwa pamoja, jina kwa jina: huyu unamfahamu wapi?

Lile ombi la kuhama ndilo lingenishtua kuliko lile la picha. Michezo mingi ya watoto huchuja maneno na ina kitufe cha kuripoti, na mtu mwenye nia mbaya anajua. Humtoa mtoto hapo haraka, ampeleke mahali ambapo ujumbe hujifuta na picha hazikaguliwi. Mfundishe mwanao alama hiyo moja, kwa sababu ni rahisi kuikumbuka: mtu wa kwenye mchezo akisema "twende kule", mwite mama.

Kwa sasa usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yenyewe, ripoti ndani ya mchezo, halafu ndipo uzuie akaunti hiyo. Mpangilio huo una maana yake: baadhi ya programu hukuondolea soga ukishamzuia mtu, na ushahidi unakwenda nayo. Kwa kuwa mtu mzima kumwomba mtoto picha ni jambo la polisi, wapelekee nakala hizo. Usimjibu wewe mwenyewe kwa kujifanya mtoto, hata hasira ikikupanda.

Ikitokea siku moja picha ya utupu ya mtoto imetoka, usiisambaze wala kuihifadhi nakala. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, inayotumika na watu wa nchi yoyote. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hukohuko kwenye simu, na ni alama hiyo tu inayotumwa kwa mitandao iliyojiunga ili iitambue picha na kuiondoa. Picha yenyewe haitoki.

Kuhusu kusoma ujumbe wote, mimi singeweka. Programu nyingi za upelelezi hutaka uzime kinga za simu, kisha hupeleka maneno ya mtoto kwenye seva za kampuni usiyoijua, na kampuni za namna hiyo zimewahi kuvujisha data za wateja. Zaidi ya hapo, umeandika kwamba wewe ndiye uliyeikuta soga, hakukuletea. Muulize kwa upole alihofia nini. Mara nyingi jibu ni kwamba alijua atanyang'anywa simu. Kama ndivyo, mwambie leo kwamba kwa hili simu haichukuliwi, na ushike neno lako, kwa sababu anayetisha watoto kwa picha hutegemea kimya hicho hicho.

Wa miaka 6 ni kazi nyepesi. Weka YouTube Kids, chagua hali ya maudhui uliyoidhinisha mwenyewe. Hapo utafutaji hujizima na ataona video na chaneli ulizoziteua tu. Michezo yake iwe ile inayochezeka bila intaneti, na ukimpa tableti acheze michezo hiyo, zima Wi-Fi kwanza.