Tuko watu 43 na guku hataki feri: twende pwani gani?

*Shangazi, habari za Nakuru. Mimi nasoma ukurasa wako nikiwa Kisumu lakini nyumbani ni Vihiga. Familia yetu imetawanyika, wengine wako hapa Kisumu, wengine Nakuru kwenu, wengine Eldoret, na mwaka huu tumesema lazima tukutane wote bila kungoja matanga. Tuko 43, hapo watoto ni 17, na guku, nyanya yetu, ana miaka 84, anatembea na mkongojo, magoti yamechoka, na hajawahi kuona bahari maisha yake yote. Sasa kamati imegawanyika. Vijana wanasema Diani. Kaka yangu mkubwa anasema Watamu. Wifi anataka hapo Bamburi tuwe karibu na mji, na kuna binamu mmoja ameshikilia Lamu hataki kusikia lingine. Guku naye anakumbuka ile feri ya Mtongwe iliyozama 1994, amesema hakanyagi feri hata tumbebe. Tunaenda Disemba, pesa si nyingi. Tuchague wapi?*
— Mjukuu, Kisumu

Mulembe mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama hapo kwa guku, na nitakuambia kwa nini.

Kuna mwaka sisi tulimpeleka mama yangu pwani tukiwa watu 20 na kitu, nyumba tukachagua kwa picha, na kweli ilikuwa nyumba nzuri, inaangalia bahari, ina upepo, kila kitu, lakini vyumba vyetu vilikuwa orofa ya tatu na hakukuwa na lifti, na hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliuliza hiyo swali. Mama alipanda ile siku ya kwanza akisimama kila ngazi kupumua, na hakushuka tena mpaka siku ya kurudi. Siku nne mama yangu aliona bahari kwa dirisha, sisi tukiwa huko chini tunapiga picha na kumpungia mkono. Ameshatutoka sasa, na mimi sijawahi kujisamehe. Ndio maana nakuomba mwambie kamati iwache kuuliza ni wapi pazuri, kwa sababu pwani yote ni pazuri, muulize guku atafika wapi na miguu yake mwenyewe, mkimaliza hapo muangalie watoto wadogo, na vijana watajipanga popote.

Tuanze na Lamu juu ndio rahisi kuondoa. Mji wa kale wa Lamu umekuwa kwa orodha ya UNESCO tangu 2001 na binamu yako hajakosea kuupenda, vichochoro, milango ya kuchonga, punda badala ya magari. Lakini Lamu ni kisiwa. Ukienda kwa barabara unashukia Mokowe unapanda boti, ukienda kwa ndege unashukia Manda unapanda boti, na huko ndani hakuna gari ya kumbeba mzee, na nyumba za zamani ni za ghorofa zenye ngazi nyembamba zimesimama wima. Mtu amekataa feri, utamwambiaje ashuke kwa boti? Binamu aende Lamu siku nyingine na wenzake wenye magoti mazima.

Watamu nakubaliana na kaka yako kabisa kuhusu uzuri. Ile hifadhi ya bahari ya hapo na ya Malindi ni za 1968, kati ya za kwanza Afrika, maji ni safi na samaki unaona ukiwa umesimama tu, halafu magofu ya Gede yako karibu na watoto wa shule watafurahi. Shida ni njia. Kutoka stesheni ya treni ya Mombasa pale Miritini mpaka Watamu ni zaidi ya kilomita 100, na Disemba ukipita Mtwapa unaweza kukaa kwa foleni mpaka watoto walale waamke. Kwa watu 43 ambao wametoka Kisumu jana yake, hiyo ni safari juu ya safari.

Bamburi ningewapatia namba mbili. Ni karibu na mji, hospitali kubwa ziko karibu, chakula ni rahisi, na Haller Park iko hapo, ile mahali palikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti mpaka wakapanda miti kuanzia miaka ya 70, siku hizi kuna twiga na kobe wakubwa. Lakini nyumba nyingi za kukodi huko ni za ghorofa, na ile bichi ya umma ya Jomo Kenyatta wiki ya Krismasi hujaa watu mpaka mtoto akipotea unaweza kumtafuta nusu saa. Na watoto 17 mko nao.

Kwa hivyo mimi nasema Diani, na si kwa sababu vijana wameitaka. Zamani ningesita kwa sababu ya Likoni, kivuko cha kwenda pwani ya kusini, unafika umechoka, unapanga foleni ya feri na jua la pwani liko juu ya gari. Lakini saa hii kuna barabara ya Dongo Kundu, kilomita 17 na kitu, inatoka upande wa Miritini inapita juu ya madaraja mpaka Ng'ombeni, na ukishafika Ng'ombeni uko pwani ya kusini tayari, unaendelea tu mpaka Ukunda. Guku atavuka maji akiwa ameketi ndani ya gari. Msimdanganye lakini, mwambieni mapema kuna daraja, muonyesheni kwa simu, mzee hapendi kushtuliwa.

Sasa safari. Basi moja kutoka Kisumu mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na magoti ya miaka 84 hayawezi hiyo, hata yangu hayawezi na bado sijafika huko. Watu wa Kisumu na Eldoret waje walale Nakuru kwa ndugu zenu, hata kama ni kulala sebuleni kwa magodoro, na mimi naona huo usiku ndio sherehe itaanza. Asubuhi mkodi basi mpaka stesheni ya SGR, ile treni ya Mombasa, hapo Nairobi kule Syokimau, na mtoke mapema sana, juu Disemba pale Gilgil na Naivasha mnajua wenyewe foleni inavyokuwa. Mkipanda treni ni saa 5 au 6 mko Mombasa. Ile ya asubuhi inasimamasimama kina Mtito Andei na Voi, ile ya alasiri inaenda moja kwa moja. Nauli ya kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, watoto wa miaka 3 hadi 11 wanalipa nusu. Wakubwa wenu 26 ni 39,000, na mkihesabu watoto wote 17 nusu ni 12,750, jumla 51,750 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Ndani ya treni guku anaweza kusimama, kunyoosha miguu, kuenda choo bila kuomba dereva asimame kichakani. Na mkipita Tsavo watoto wabandike uso kwa kioo, ndovu huonekana kabisa.

Tiketi mkate kwa *639# siku ile ile zinafunguliwa, msingoje michango yote iingie, Disemba zinaisha haraka sana. Majina yafanane na kitambulisho. Na tafadhali wamama wasibebe visu vya jikoni kwa mizigo, mizigo inapitishwa kwa mashine na inanuswa na mbwa, visu vinachukuliwa, niliona mama mmoja akinyang'anywa kisu chake cha kukatia sukuma na ilimuuma kweli.

Nyumba. Msiende hoteli, mtalipa kwa kichwa na mtatawanywa kwa vyumba vya mbali mbali, na mkutano wa familia unatokea jikoni na barazani. Diani kuna kotiji nyingi za makuti, za chini, nyingine ziko tatu au nne ndani ya boma moja, na mara nyingi huja na mpishi, nyinyi mnanunua chakula yeye anapika. Wavuvi hupita getini asubuhi na samaki wametoka baharini saa hiyo hiyo, changu, tafi, kolekole. Mwambieni mpishi awapikie samaki wa kupaka siku moja, ule wa nazi, na mahamri na mbaazi asubuhi, lakini unga wa ugali nunueni Ukunda mkifika, najua watu wa Vihiga, siku ya pili mtautafuta.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize hivi: kutoka kitanda cha mzee mpaka kwa mchanga kuna ngazi ngapi? Si ngapi ndani ya nyumba peke yake, mpaka kwa mchanga, kwa sababu Diani kuna mahali nyumba imekaa juu ya mwamba na unashukia bichi kwa ngazi ndefu za mawe. Uliza pia kama choo kiko karibu na hicho chumba na kama mlango unapitisha kiti cha magurudumu. Mwenye nyumba akianza kukuzungusha hapo, tafuta nyingine.

Na maji. Watu wa ziwa tunadhani maji ni maji, lakini bahari inatoka na kurudi, mara mbili kwa siku, kama saa 6 kutoka na saa 6 kurudi, na kila siku saa zinasonga mbele karibu dakika 50. Maji yakitoka Diani unaweza kutembea mbali juu ya mwamba watoto wakaona samaki kwa vidimbwi, lakini wavae viatu, kuna wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu, ukimkanyaga siku imeharibika. Na mtu mzima mmoja aangalie saa, maji yakianza kurudi watoto wote warudi pia. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama kuna bamvua, maji hutoka mbali sana na hujaa juu sana. Ulizeni wavuvi, wanajua kwa kichwa.

Guku mtafutie asubuhi ambayo maji yametulia, kabla jua halijapanda. Chukueni kile kiti cha plastiki chenye mikono, vijana wanne wambebe nacho, mkiweke mahali maji yanafika kwa vifundo, mtu mmoja akae nyuma amekishikilia, kwa sababu kwa mchanga huzama. Mwacheni hapo. Msimharakishe kupiga picha.

Siku moja vijana waende kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite, na wasibebe chupa na sahani za plastiki za kutupa, zimekatazwa kwa hifadhi tangu Juni 2020. Wazee wangepelekwa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo pale pale Diani, unaingia na mwenyeji anakueleza miti na desturi. Nyinyi mko na msitu wa Kakamega na hadithi zenu za miti, mtaelewana haraka. Na chakula kisiachwe mezani, kima na tumbili wa Diani wanafungua hata mfuko wa mkate.

Tarehe: wiki mbili za kwanza za Disemba, mtihani wa KCSE umeisha na bei ya Krismasi haijaanza. Na tarehe 26 mko na sherehe za Wamaragoli pale Mbale, si mtataka kuwa nyumbani?

*Shangazi, sisi tunapanga kama hiyo lakini pesa ndio inatugombanisha. Wengine wanasema kila nyumba itoe sawa, na mimi ndio nimeshikishwa pesa, zinaingia kwa simu yangu na nimeanza kuogopa.*
— Mama Lanet, Nakuru

Dada, toa hizo pesa kwa simu yako wiki hii. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watu watatu wa kuidhinisha, na kila mwisho wa mwezi tuma kwa grupu nani ametoa na imebaki ngapi, hata kama hakuna ameuliza. Kila nyumba kutoa sawa si haki, nyumba ya watu wawili na ya watu wanane hazilali kwa kitanda kimoja. Hesabuni kwa kichwa, mtoto nusu, wa chini ya miaka 3 bure, na anzeni Januari, shilingi kidogo kidogo. Yule asiye na kazi aambiwe pembeni na mtu mmoja, si kwa grupu, kwamba yake imelipwa, na asipewe kazi ya kuosha vyombo ili aonekane amelipia.

Na malipo ya kwanza ya nyumba usitume kwa mtu kwa sababu umeona picha kwa simu. Kuna nyumba nyingi za picha ambazo hazipo, watu wamefika na mizigo wakakuta ukuta wa jirani. Hakuna familia ya huku isiyo na mtu Mombasa, mwalimu, askari, mtu wa bandari. Mpe nauli aende aingie ndani, afungue bomba, akupigie video akiwa hapo.

*Na Agosti je? Watoto wamefunga shule na bei iko chini.*
— Baba wa wawili, Bungoma

Bei iko chini kwa sababu ni msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Upepo ni mkali, bahari huchafuka, mwani unatupwa bichi mpaka asubuhi zingine huoni mchanga, na boti za kwenda mbali zinaweza kukaa siku bila kutoka. Kwa upande mwingine hakuna joto la kuua, na kama nia yenu ni kukaa pamoja na kutembea Fort Jesus kuliko kuogelea, nendeni. Kuanzia Novemba mpaka Machi ndio kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, maji yanatulia. Aprili mpaka Juni ni mvua, hapo nisingejaribu na watoto. Lakini wewe ni wa Bungoma, kama huo mwaka unagawanyika kwa mbili, ulizia kwanza nyumbani ni vijana wa nani wanatahiriwa Agosti, kabla hujakata tiketi ya mtu yeyote.